Stesheni ya zamani ya abiria ya Taveta: ilianza lini, na vilivyobaki vinasomwaje?

Lumi_Mashariki:

Hamjambo wadau. Natayarisha maelezo mafupi kuhusu stesheni ya Taveta, kwenye reli ya Voi kwenda Kahe, yawekwe maktaba ya shule wanafunzi wayasome. Shida ni kwamba kila anayeandika ana mwaka wake. Mmoja anasema reli ni ya Wajerumani, mwingine anaiweka 1901 pamoja na ile ya Kisumu, wa tatu anasema ni ya wakati wa vita. Naomba msaada kwa mambo matatu. Reli ilifika Taveta lini, na ni nani aliyeitandika? Abiria walikuwa wakitoka wapi kwenda wapi, na mbona huduma ilikufa? Na je, mtu anaweza kukadiria umri wa njia na majengo kwa kutazama vilivyobaki, yaani reli, mataruma (vile vipande vya kulalia reli) na vigae, bila kuchimba wala kubomoa?

Taruma50:

Huyo wa tatu ndiye mwenye haki. Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, lakini ilipofika Voi iliendelea zake kuelekea Tsavo. Tawi la magharibi halikuwepo. Ng'ambo ya mpaka Wajerumani walikuwa na reli ya Usambara kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa 1893 na kufikishwa Moshi 1911. Katikati hapo, toka Voi hadi vilima vya Kilimanjaro, palikuwa nyika kavu.

Vita vilipozuka, Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vikawa vinapenya nyikani na kutega baruti kwenye Reli ya Uganda. Waingereza walitaka kuwasukuma hadi ng'ambo ya Kilimanjaro, lakini jeshi la maelfu ya watu na wanyama lisingeweza kuvuka nyika ile bila maji. Hiyo ndiyo sababu ya reli. Mapema 1915 kampuni za 25 na 26 za wahandisi reli wa jeshi la India, pamoja na vibarua, zilianza kutandika njia kutoka Voi. Ilipita Mwatate na Bura, ikafika Maktau Juni 1915. Hapo ikasimama miezi kadhaa, kwa sababu shambulio la Mbuyuni la tarehe 14 Julai 1915 lilishindwa na adui alikuwa bado mbele. Maji ya kambi yalivutwa kwa bomba kutoka vilima vya Bura, na mengine yalibebwa na treni zenyewe.

Mbuyuni ikachukuliwa Januari 1916. Salaita ilishambuliwa tarehe 12 Februari 1916 na washambuliaji wakarudishwa nyuma. Machi mwaka huo Wajerumani waliiacha Taveta, na reli ikaingia nyuma ya jeshi. Kabla 1916 haijaisha ilikuwa imeunganishwa na njia ya Tanga pale Kahe, karibu na Moshi. Ukipima Voi hadi Kahe ni takriban kilomita 150.

Kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kulitaja. Uungaji ule uliwezekana kirahisi kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zimechagua upana uleule wa njia, mita moja. Injini na mabehewa ya Mombasa yaliweza kuingia Moshi bila kupakua hata gunia. Laiti Wajerumani wangetumia upana mwingine, Taveta ingekuwa mahali pa kushusha na kupakia mizigo upya, na historia ya mji ingekwenda njia nyingine kabisa.

Kwa hiyo andika hivi: njia ya kijeshi ya Waingereza, iliyoanzia Voi 1915, ikafika Taveta 1916. Wajerumani hawakuitandika, waliyoitandika ni ile iliyounganishwa nayo Kahe.

Kuhusu abiria, usiifikirie Taveta kama mwisho wa safari, maana ilikuwa stesheni ya njiani. Baada ya vita palikuwa na mabishano juu ya kuibakiza njia au kuing'oa, kwani ilivuta kahawa na mkonge wa Kilimanjaro kwenda Mombasa badala ya Tanga. Ikabakizwa. Mwaka 1929 reli ya Moshi ilisogezwa hadi Arusha, na mkonge wa Mwatate na wa mashamba ya mlowezi Grogan huku Taveta ukaongeza mizigo. Treni zenyewe zilikuwa za kati ya Voi na Moshi, na abiria wa Nairobi au Mombasa alibadilisha au kuungiwa behewa pale Voi.

Kilele chake kilikuja 1963. Mwaka huo njia ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu. Tangu hapo mtu aliweza kupanda treni Nairobi na kufika Dar es Salaam kwa reli tupu, na Taveta ilikuwa katikati ya safari hiyo. Kabla ya hapo reli za Kenya na Tanganyika zilikuwa zinakutana kupitia Voi na Kahe, lakini Dar es Salaam ilikuwa nje ya mtandao huo.

Kilichoiua ni mpaka kuliko kitu kingine. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika 1977 pamoja na Jumuiya. Februari mwaka huo mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Stesheni iliyoishi kwa kupitisha watu kwenda ng'ambo ikajikuta mwisho wa njia kwa miaka karibu saba. Mpaka ulipofunguliwa, mabasi na malori yalikuwa yameshazoeleka, njia imechakaa, na mashirika mawili tofauti yalipaswa kukubaliana juu ya injini, wafanyakazi na nauli kwa treni moja ndogo. Sababu nyingine mnazosikia, kama vile barabara na uhaba wa mabehewa, ni za kweli, lakini zilikuta mgonjwa tayari yuko kitandani.

Bi_Makavazi:

Naongeza kuhusu karatasi, maana maelezo ya maktaba yanahitaji kitu cha kushika mkononi.

Kwa miaka ya vita, shajara za vikosi zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, kwenye mafaili yanayoanza na WO 95. Usitafute neno Taveta peke yake. Tafuta vikosi vya reli na makao makuu ya mawasiliano ya nyuma ya jeshi, kisha pitia siku kwa siku Machi hadi Mei 1916. Shajara huandika maili ngapi zimetandikwa na treni ya kwanza imefika wapi. Hapo ujihadhari na jambo moja: reli kufika na stesheni kufunguliwa ni vitu viwili. Treni za jeshi zilipita na kurudi kabla mtu yeyote hajauziwa tikiti. Mwaka wa reli ni 1916. Mwaka wa stesheni ya abiria utautoa kwenye matangazo ya serikali na ratiba, usiuhamishe kutoka kwa mwingine.

Kwa miaka ya amani nenda Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, na makumbusho ya reli yaliyo karibu na stesheni kuu. Omba taarifa za mwaka za meneja mkuu wa reli, na vitabu vya ratiba. Ratiba ndiyo mali. Chukua ya kila baada ya miaka michache, uziweke kwa mfuatano, na uandike mambo manne tu: treni ngapi kwa wiki, siku zipi, ni ya abiria au ya mchanganyiko (abiria na mizigo pamoja), na alama iliyo kando ya jina la stesheni. Alama hizo zina ufunguo mwanzoni mwa kitabu, zikionyesha kama pana chakula, kama treni husimama kwa kuombwa tu, au kama mizigo haipokelewi. Huduma inayokufa huonekana waziwazi: mara nne kwa wiki, mara mbili, kisha treni ya mchanganyiko, kisha jina limebaki bila saa. Mwaka wa mwisho wa abiria uuandike kutokana na ratiba mbili zinazofuatana, moja yenye treni na nyingine isiyo nayo. Usiutoe kwenye kumbukumbu za mtu mmoja.

Ukiwahoji wazee, uliza saa kwa makini. Mzee akisema treni iliingia saa moja, kwenye ratiba ni saba asubuhi au saa kumi na tisa jioni. Nimeona maandishi yanayobishana bure kwa sababu hiyo.

Na tikiti za kadi ngumu zikipatikana, zile za urefu wa milimita 57 na upana wa 30 hivi, zipige picha pande zote mbili. Upande wa mbele una daraja, stesheni mbili na nauli, na namba iko miishoni. Tarehe haichapishwi, hugandamizwa na mashine pembeni, kwa hiyo haionekani vizuri kwenye picha ya kawaida. Weka taa chini kabisa ubavuni mwa kadi na tarehe itajitokeza kwa kivuli.

Njia_ya_Bura:

Neno moja kuhusu picha. Kuna picha nyingi mtandaoni za injini kubwa za mvuke za aina ya Garratt zenye maelezo kwamba ziko Taveta au Maktau. Soma namba ya injini kwanza. Baada ya 1948, tarakimu mbili za mwanzo ndizo aina. Ukiona namba kati ya 5901 na 5934, hiyo ni aina ya 59, yenye uzito wa tani 252 na mzigo wa tani 21 kwa ekseli. Ilitengenezewa njia kuu yenye reli nzito. Tawi la Voi lisingeibeba. Maelezo ya picha hiyo yamekosewa, hata kama Kilimanjaro inaonekana nyuma; mlima unaonekana mbali sana siku ya mbingu safi.

Herufi za ubavuni nazo husaidia: UR ni Reli ya Uganda, KUR ni Reli ya Kenya na Uganda, baada ya jina kubadilishwa 1926, EAR ni Reli ya Afrika Mashariki tangu 1948, na KR ni Reli ya Kenya baada ya 1977. Lakini rangi mpya ilichukua miaka kufika kwenye kila behewa, kwa hivyo herufi hukupa mwaka wa mapema unaowezekana. Mwaka wa mwisho hazikupi.

Lumi_Mashariki:

Asanteni sana, hasa Bi_Makavazi kwa hilo la ratiba. Sasa nina mambo mawili yanayonitatiza. Kwenye kipande cha reli kilichotumika kama nguzo ya uzio kuna maandishi yaliyofifia yanayosomeka kama 189 na tarakimu ya nne imelika. Na nyumba moja inayosemekana ilikuwa ya stesheni masta ina vigae vyekundu vilivyoandikwa 1865 Mangalore. Vyote vimeitangulia 1916. Je, jengo lilikuwepo kabla ya reli?

FundiMataruma:

Hapana, na vyote viwili vina maelezo rahisi.

Kigae kwanza. Viwanda vya Mangalore vilisafirisha vigae hivyo kwa majahazi na meli kuja pwani yetu kwa miaka mingi, na kile cha misheni ya Basel kilianzishwa 1865. Mwaka huo ulikuwa sehemu ya chapa yake, ukichongwa kwenye kila kigae miaka nenda miaka rudi. Haukuambii siku kigae kilipochomwa, sembuse siku paa lilipoezekwa. Tena vigae huhamishwa kutoka jengo hadi jengo. Geuza kimoja kilichoanguka, angalia kama pana tabaka mbili za chokaa au saruji ya rangi tofauti chini yake. Tabaka mbili zina maana kimewahi kukaa paa jingine.

Sasa reli. Chapa iko kwenye shingo ya reli, ubavuni kati ya kichwa na tako. Kwa kawaida ina jina la kiwanda, mwezi na mwaka wa kufuliwa, na uzito kwa ratili (pauni) kwa kila yadi. Mwaka ule ni wa kiwanda. Njia za kijeshi zilitandikwa kwa chochote kilichopatikana haraka, na matawi baadaye yalipewa reli zilizong'olewa njia kuu ilipowekewa nzito zaidi. Kwa hiyo reli ya 189 kitu kwenye tawi la 1916 ni jambo la kawaida. Na ikiwa ni nguzo ya uzio, inaweza kuwa imetoka popote. Nguzo haithibitishi njia.

Usomaji wake ni hivi. Usisugue kwa msasa wala nyundo ya kutu, utakula herufi. Tumia burashi ya nyuzi za mmea na maji, iache ikauke, halafu pitisha chaki iliyolazwa ubavu juu ya herufi. Piga picha na mwanga ukitoka upande. Kama tarakimu ya nne haitoki, tafuta reli nyingine ya umbo lilelile. Chapa hurudiwa kila baada ya umbali fulani kwenye reli ileile, kwa hiyo kipande kirefu kina nafasi zaidi ya moja.

Chapa ikiwa imelika kabisa, pima. Reli za kiwango cha Uingereza za ratili 50 zina kimo cha milimita 100 hivi na tako la upana huohuo. Za ratili 60 zina kimo cha 114, za ratili 80 kimo cha 133. Pima penye kichwa kisicholika, yaani karibu na mwisho wa njia ya pembeni au kwenye kipande kilichotumika kama nguzo upande usiopitwa na magurudumu. Kichwa kilicholika hupoteza milimita kadhaa na kukudanganya kidogo, lakini si kiasi cha kuchanganya 100 na 133. Reli ya ratili 50 hubeba ekseli ya tani 10 hadi 12 hivi, na hapo unaona kwa nini Njia_ya_Bura amezikataa zile picha.

Upana wa njia hupimwa kati ya nyuso za ndani za vichwa, milimita 14 chini ya usawa wa juu. Usipime juu kabisa, pamepindika. Utapata 1,000, au 1,005 na zaidi penye kona na penye uchakavu. Ukipata 990 kwenye sehemu iliyonyooka, mataruma yamepinda au yamesogea.

Kitakachokupa historia ya stesheni kuliko vigae ni mpangilio wa njia. Simama usome ardhi. Njia ya kupishania inaonekana hata reli zikiwa zimeng'olewa: kokoto zimetanuka kutoka upana wa njia moja hadi mbili, kisha zinabana tena. Pima urefu kati ya miisho miwili ya mtanuko huo, ukaone treni ya urefu gani ingeweza kungoja mwenzake. Tafuta msingi wa tangi la maji, mara nyingi nguzo nne au sita za zege au mawe zilizopangwa mraba, na karibu yake bomba la kunyweshea injini. Tafuta shimo la majivu katikati ya reli, lenye kuta za matofali yaliyoungua. Vitu hivi viwili ni vya enzi ya mvuke, na injini za dizeli zilipoingia havikuhitajika tena. Tako la jukwaa nalo litazame: kama mawe ya ukingo yameongezwa urefu kwa aina nyingine ya jiwe au zege, treni za abiria ziliwahi kurefuka.

Majengo ya mwanzo kwenye njia za kijeshi yalikuwa ya mbao na mabati. Ya mawe na saruji yalikuja baadaye, mara nyingi mahali tofauti kidogo na lile la kwanza. Kwa hiyo usidhani stesheni unayoiona imesimama pale hasa treni ya 1916 ilipofika. Kichwa cha reli cha jeshi kilipangwa karibu na kambi na maji, stesheni ya abiria ilipangwa karibu na soko na barabara. Ramani za mizani ya 1:50,000 za Idara ya Upimaji, zile za mfululizo wa Y731, zitakuonyesha stesheni ya wakati wake. Zilinganishe na picha ya setilaiti kwa kushika alama zisizohama, kama daraja la reli kwenye mto Lumi. Makutano ya barabara usiyategemee, yamehama mara nyingi.

Bi_Makavazi:

Ninaunga mkono hilo la daraja. Niongeze kuhusu vibao vya maili. Vya zamani vilihesabu maili, vipya kilomita, na hesabu ya tawi yaweza kuanzia Voi au kuendelea na ile ya Mombasa. Kabla hujanukuu namba yoyote, soma vibao viwili vinavyofuatana na upime kati yake kwa simu. Vikiachana mita 1,609 unasoma maili. Kisha rudi nyuma kwa hesabu uone sifuri inaangukia wapi.

Njia_ya_Bura:

Na tafadhali, msichimbe. Kutoka Maktau hadi Salaita bado panaweza kuwa na risasi na mabaki ya mizinga ya 1915 na 1916. Ukikuta kitu cha chuma chenye umbo la chupa au yai, usikiguse. Weka alama mbali nacho na uwaite polisi. Mabaki ya kale yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na ardhi ya reli ni ya shirika la reli hata nyasi zikiwa zimeota katikati ya mataruma. Andika barua ya ruhusa kwanza, utaje shule na tarehe. Makaburi ya vita ya Maktau, Taveta na Voi yako wazi kwa wageni, na wanafunzi wakitembelea la Maktau wataona majina ya askari wa India waliokufa huko, jambo linaloeleza vizuri kuliko aya yoyote ni nani aliyeleta reli hii.

Lumi_Mashariki:

Nimeelewa. Nitaweka mwaka wa reli na mwaka wa abiria kwenye mistari tofauti, na picha ya ile 59 naiondoa leo. Je, ratiba za kabla ya 1948 ziko pamoja na za baadaye, au niulize kwa jina la Reli ya Kenya na Uganda?

Bi_Makavazi:

Uliza kwa jina la wakati ule. Kwa 1926 hadi 1948 ni Reli ya Kenya na Uganda, na upande wa Moshi ni Reli ya Tanganyika, yenye kitabu chake cha ratiba. Treni ileile ya Voi na Moshi yaweza kuwa kwenye vitabu vyote viwili. Viombe vyote, kisha linganisha saa za Kahe. Zikitofautiana, angalia tarehe ya kuanza kutumika iliyo kwenye jalada. Mara nyingi kitabu kimoja kimechapwa miezi kadhaa kabla ya mwenzake.